Yoti ya Kuagana

Jumatatu, 3 Februari
Mashuka, taulo, tena mashuka. Kazi ya udobi hotelini leo imenimaliza. Jioni Salim ameleta habari. Tajiri wake, mwenye yoti anayoiendesha, amempa aitumie Jumamosi na Jumapili kabla Salim hajaenda Doha kufanya kazi melini. Mkataba wa mwaka mzima. Nimemwambia twende wawili tu. Tangu tuoane, nyumba yetu haijakosa mgeni. Tena nina hamu ya kujua, watalii hufanya nini humo kutwa?

Jumanne, 4 Februari
Nimepanga safari ya visiwani. Funzi, Wasini, Mkwiro, Kisite. Salim amecheka. Funzi yupo shangazi yake, Mkwiro, hukohuko Wasini, yupo mjomba wangu. Kupita bila kuwaamkia ni kutafuta lawama. Kisite hakuna mtu. Basi Kisite.

Jumatano, 5 Februari
Nimeharibu. Nimepita Msambweni kumuaga mama mkwe. Ningesafirije bila kumuaga? Ameuliza tunakwenda wapi, nami nikasema. Mdomo huu! Kabla sijafika nyumbani wifi amepiga simu: “Wifi, tuje saa ngapi? Watoto hawashikiki kwa furaha.”

Alhamisi, 6 Februari
Salim hawezi kuwakatalia. Nimelia kwa hasira. Nimemwambia wazi kwamba ninamtaka peke yangu.

Jumamosi, 8 Februari
Ukoo mzima. Wifi ametapika tangu kisiwa cha Chale. Watoto wameng’ang’ania usukani. Salim hakuniangalia hata mara moja, na mimi nilikuwa jikoni nikikaanga viazi. Tulipotia nanga bandari ya Shimoni, mama mkwe akasimama, akajifunga leso.
“Haya, shukeni nyote. Sisi tumeshaagana naye. Mkewe bado.”
Hakuna aliyebisha. Nimeona haya, na nimempenda mama yule.

Jumapili, 9 Februari
Kisite. Maji ni maangavu hadi mchangani. Salim hajui kukaa bure. Amekagua kamba, amekagua nanga, amerudia kamba. Mwisho ameketi karibu yangu. Amesema anaogopa kwenda. Hajawahi kuniambia kwamba anaogopa kitu. Nimemshika mkono. Tumekula wali sahani moja, kisha tukaosha vyombo pamoja.