Upawa wa Mgeni Rasmi

Kikombe cha bati kikigongwa kwenye goti hakitoi sauti kubwa. Minza wa darasa la tatu alikuwa akikigonga chake polepole, Ijumaa iliyopita, ameketi kwenye nyasi mbele yangu, na sidhani kama alijua anakigonga. Sauti hiyo ninayo mpaka sasa. Nasahihisha madaftari, ipo. Nafua, ipo.

Leo Alhamisi. Mawingu yametanda juu ya ziwa tangu asubuhi na mvua haishuki. Nimetoka kwenye kikao cha Baraza nikiwa na hasira ambayo sijui niiweke wapi, kwa hiyo naiweka hapa.

Baraza la Ushauri la Jamii kuhusu Afya ya Wanafunzi. Jina refu hivyo. Mwaka juzi ilikuwa kamati ya afya ya shule, watu wale wale, benchi lile lile. Kisha soko huria likatuletea wafadhili, na wafadhili wakatuletea neno “ushirikishwaji”. Kamati ikawa baraza na chai ikawa soda. Sijaona kingine kilichobadilika. Mwenyekiti ni Mzee Masalu, anayenunua sangara kwa wavuvi na kupeleka samaki hao kwenye viwanda vya minofu mjini. Alichaguliwa kwa sababu ana pikapu. Katibu ni mimi, mwalimu mgeni mwenye mwandiko mzuri.

Ijumaa ilikuwa siku ya dawa ya kichocho. Dada Rebeka, nesi wa zahanati, alikwisha kutueleza: vidonge hivi havimezwi na tumbo tupu, mtoto atatapika, anaweza hata kuanguka. Tukakubaliana watoto wapikiwe uji. Mimi ndiye niliyewaandikia wazazi barua. Msihangaike na chai ya asubuhi, niliandika, mpeni mtoto kikombe tu, uji utakuwepo shuleni.

Wakauamini mwandiko wangu.

Uji ulikuwa tayari saa tatu. Mgeni rasmi alikuwa bado ng’ambo, mjini, akisubiri kivuko cha Kamanga. Na kwetu hakuna kitu kinachotumika kabla mgeni rasmi hajakizindua. Hata choo kipya cha shule kilifungwa utepe, watoto wakaendelea kwenda vichakani mpaka alipopatikana mtu wa kuukata. Safari hii Mzee Masalu aliamua kwamba mheshimiwa atamimina kikombe cha kwanza huku akipigwa picha. Akauchukua upawa kwa wapishi, akanikabidhi mimi.

“Shika huu, binti. Asiuguse mtu.”

Nikaushika. Kuanzia saa tatu mpaka saa nane nilisimama kando ya masufuria kama askari wa benki, Minza akigonga kikombe chake.

Mheshimiwa alifika, akatazama saa, akasema kivuko cha kurudi hakimsubiri mtu. Basi ikawa dawa kwanza, uji baadaye, maana picha ya dawa nayo ni nzuri. Dada Rebeka alikataa. Mwalimu mkuu akamnyang’anya kopo la vidonge mkononi, akamwambia kwa sauti ya chini, “Nesi, usituaibishe mbele ya wageni,” akaanza kugawa mwenyewe.

Gari la mgeni lilikuwa bado linaonekana barabarani watoto walipoanza kutapika. Minza alisimama, akaangalia huku na huku kama anayetafuta mahali pa heshima pa kutapikia, akaanguka. Uji kwenye masufuria ulikuwa umeshika utando.

Kufikia Jumamosi kila mtu ufukweni alishajua kwamba ile ni dawa ya kufunga uzazi. Jumatatu madarasa yalikuwa nusu. Dada Rebeka anasema waliotapika lazima wapewe upya, na boksi la dawa linahamia shule nyingine Jumatatu ijayo mchana. Minza tumbo lake limevimba tangu mwaka jana na haja yake ina damu. Asipomeza kabla ya boksi kuondoka, sijui atasubiri mpaka lini.

Hicho ndicho Baraza lilipaswa kuzungumza leo. Likazungumza ujinga wa wazazi.

“Watu wa ziwani hawa,” alisema Mzee Masalu, ambaye mama yake alianika dagaa ufukwe huu huu. “Ukimpa dawa anasema sumu. Mpe sumu ya kuvulia samaki, atakushukuru.”

Wakacheka, soda zikawapalia. Mwalimu mkuu akashauri tuwaelimishe watoto wasiingie ziwani. Alisema hivyo bila kupepesa macho, na pipa la nyumbani kwake darasa la tano walilijaza leo asubuhi, wakichota ziwani, maji yakiwafika magotini.

“Andika, katibu,” Mzee Masalu akaniambia. “Wazazi waliwaleta watoto bila kuwalisha, kinyume cha maelekezo.”

“Maelekezo niliyaandika mimi, mzee. Nilisema uji utakuwepo.”

“Ndiyo maana nakwambia uandike tena.”

Wakacheka zaidi.

Kuwadharau ni rahisi, ninaweza kuwadharau mpaka kurasa za daftari hili ziishe. Lakini Dada Rebeka angalau alisema hapana. Mimi niliyesoma kuliko wote pale, ninayewacheka moyoni kila kikao, nilisimama saa tano nzima na hakuna aliyenifunga mikono.

Upawa nilikuwa nao mimi.

Nikaandika: “Uji ulikuwepo. Watoto hawakupewa. Katibu ndiye aliyeushika upawa.” Nikatia sahihi, nikamsogezea mwenyekiti kitabu cha kumbukumbu, nikatoka kabla hajavaa miwani. Nikapitia stoo, nikauchukua upawa, nikashuka ufukweni anakoanika dagaa mama yake Minza.

“Shikamoo, mama.”

Akaendelea kugeuza dagaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama. Wanawake wengine wakaacha kugeuza dagaa wasikilize.

“Kwa hiyo uji ulikuwepo,” akasema.

“Ulikuwepo.”

“Na mwanangu anauona.”

“Anauona.”

“Na wewe, mwalimu, ulikuwa wapi?”

“Nilikuwa nimeushika huu.”

“Kumbe kusoma kote kule ni kushikia watu upawa,” akasema mmoja nyuma yake. Hakuna aliyecheka.

Nikawaambia iliyobaki. Dada Rebeka amekubali, nimepita kwake zahanati. Jumatatu, saa mbili asubuhi, uji kwanza na dawa baadaye, bila mgeni wala picha. Watakaomimina ni wao wenyewe, akina mama. Mwenyekiti akitaka kuzuia, aje azuie mbele yao.

Mama Minza aliupokea upawa, akaupangusa kwa ncha ya kanga yake na kuutia kwenye beseni lake. Kisha akainama akaendelea na dagaa.

Hakuniambia kama atamleta mtoto. Lakini upawa sasa anao yeye.