Mlango wa Jikoni Haufungiki

Njoro, Februari

Kaka Kibii,

Natumai wewe na watoto mko salama huko Doha. Hapa viazi vimetoka vizuri, na Mama ameshatoa vibuyu vya maziwa ya mursik kwa kuwa mnakuja Pasaka. Baba ameuranda mlango wa jikoni tena. Anasema mbao zimefura kwa mvua. Kaka, mvua iliisha kitambo.

Unajua nimeomba kusomea fizikia Ujerumani. Walitaka waone utafiti niliofanya mwenyewe. Mimi sina maabara, kwa hiyo niligongelea misumari miwili kwenye sakafu ya jikoni, mmoja kila upande wa ule ufa unaoanzia mlangoni, nikawa napima kila Jumapili tukitoka kanisani. Kila wiki misumari ilikuwa imeachana kidogo. Baba akauziba ufa kwa simiti, akanikumbusha kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Simiti ikapasuka palepale. Sasa Mama ametandika mkeka juu yake, na hakuna anayeutaja.

Profesa wa huko, niliyemtumia vipimo vyangu, alinijibu jana. Nilitafuta kama wamenikubali, sikuona. Ameuliza swali moja tu: nani hulala katika nyumba hiyo?

Nilimsomea Baba. Akasema wazungu wanalitaka shamba letu, akachukua randa.

Sikukupigia simu kwa sababu Baba husikiliza. Tafadhali usiwalete watoto. Mwambie Mama umenyimwa likizo.

Ni mimi dadako, ninayelala na viatu miguuni siku hizi,

Cheruto