Naijua Nairobi Yote, Sijawahi Kufika

Mshauri wetu Dada Tryphosa, pokea salamu kutoka Mosocho, naomba unisaidie kabla ya Jumanne, maana baada ya Jumanne hakuna wa kunisaidia. Mimi ni mke wa mtu na kazi yangu ni kukaa. Nakaa ndani ya basi la Nairobi pale steji ya Kisii, begi mapajani, nimelijaza majani makavu ya migomba, ili abiria wa kweli akichungulia aone viti vinaisha apande haraka, na basi likijaa kondakta ananikonyeza, nashuka kama mtu aliyesahau simu nyumbani, naingia linalofuata. Sasa Dada, ukikaa na watu utaongea tu, na anayeenda Nairobi mara ya kwanza huwa na woga, anakuuliza akishuka ashike gari gani, nami kwa huruma nikaanza kujibu, nikiokota maneno kwa waliorudi, huyu ananitajia mabasi ya Rongai, yule ananieleza treni ya Syokimau, mpaka nikawa nawaambia watu wazima wasipande basi mahali fulani kwa sababu ya jamu ya magari, na mimi mbali kabisa nilikowahi kufika ni Keroka, tena kwa mazishi.

Basi wamama wa kanisa walionikuta humo walirudi Keumbu wakamwambia mama mkwe wangu, Bathsheba, kwamba mke wa Makori anaijua Nairobi kama jikoni mwake. Mama ana presha ya macho, amepewa nafasi ya kupasuliwa Jumanne katika hospitali moja huko, na akikosa siku hiyo anarudi mwisho wa foleni, na daktari amesema wazi foleni ikimfikia tena atakuwa haoni. Shemeji yangu Duke anaishi hukohuko na alijitolea kumpokea, Mama akakataa mbele ya ukoo mzima, akasema, "Mimi nitashika mkono wa Celestine." Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga, Dada. Kwetu mkwe humkatalii, sembuse kumwambia ulikuwa unadanganya. Mume wangu anajua ukweli lakini anacheka tu, anasema nimejitakia. Nimefikiria kujifanya mgonjwa. Nifanyeje? Tafadhali usitaje jina langu.

Abiria Asiyesafiri

JIBU

Jina lako umelitaja mwenyewe, Celestine, pamoja na la mume na la mkwe. Mama Bathsheba hawezi kusoma gazeti hili, ni kweli, lakini Keumbu hatakosa wa kumsomea, kwa hiyo una muda mpaka chai ya asubuhi iive.

Kisha mimi na wewe tuna neno. Mwaka jana nilipanda basi hapo Kisii, na mwanamke mwenye begi kubwa, jepesi ajabu, akaniambia treni ya Syokimau ipo saa yoyote. Nilikaa stesheni kutoka saa nne asubuhi mpaka jioni, mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa. Ile treni ni ya watu wa kazi, mama, hupita asubuhi na jioni. Kama ni wewe, nimekusamehe, ila miguu yangu bado inakufikiria.

Pole kwa woga, naujua. Lakini wewe huogopi Nairobi. Unaogopa aibu, na uko tayari kuilipia kwa macho ya mwanamke mzee. Hilo si jambo dogo, na heshima ya mkwe usiifanye shuka la kujifunika. Na habari ya kujifanya mgonjwa iache kabisa. Umejifanya vya kutosha.

Nenda Keumbu leo hii, ukae naye jikoni, umwambie yote, hata yale majani ya migomba. Atanuna. Mwache anune, ana haki, na kununa hakumzuii mtu kusafiri. Mama alisema atashika mkono wako, hakusema atashika maarifa yako, na mkono unao. Halafu mpigie Duke awasubiri palepale basi linaposimama. Usipande treni, usijaribu njia ya mkato hata moja, na mtu akikuuliza mahali, mwambie hujui. Utaona neno hilo halimuui mtu.

Jumatatu asubuhi toa majani kwenye begi, utie nguo za Mama na kadi yake ya kliniki. Mkalishe dirishani, ukae kando yake. Na basi likijaa, kondakta akikukonyeza kwa mazoea, shika mkono wa mkweo, usishuke.