Kufuli la Kopo la Sukari

Ruqiyo uko hapo? Nimetoka kliniki saa hii. Nimekaa kwa ngazi.

Nimepimwa sukari bila kula. Iko juu. Nikamwambia daktari sijaonja kitu tangu jana jioni, nikangoja anicheke.

Akasema, "Najua, mama. Ini lako ndilo linatengeneza sukari ukilala."

INI, Ruqiyo!

Eti ndani yake kuna jeni za kuliamuru litengeneze sukari tukikaa na njaa. Insulini ndiyo huzinyamazisha. Zangu hazisikii. Na huu ugonjwa nimeurithi, unajua kwa nani.

Unakumbuka tukikaa mtaa wa Huruma, mwaka wa themanini na tatu? Mama yangu akipimwa asubuhi, sukari juu, na anaapa hajala. Nikatia kopo la sukari kufuli. Nyumba imejaa wageni, wewe una kikombe mkononi, nikasema, "Leo mwizi wa sukari atajulikana!" Mkacheka wote.

Mama akasema tu, "Jecinta, sijala."

Sijala. Na alikuwa hajala, Ruqiyo.

Kufuli lile nilikuja kulifungua siku ya matanga yake, wageni walipotaka chai.