Ngazi Isiguswe

3 Februari

Mwanangu, Bi Maswali,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa baba yako. Natumaini hujambo na kazi inakwenda. Mimi huku ni mzima, sina neno, wasiwasi wangu ni kwako tu uliye mbali. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara anakusalimu. Ndiye atakayeipeleka barua hii posta.

Sasa nikwambie kilichonifanya nishike kalamu. Manispaa wameleta notisi. Wanataka kupanua barabara, na nyumba zote za upande wetu, kuanzia kwa muuza vioo hadi kwenye kona, zimepigwa alama nyekundu. Yetu pia. Walikuja asubuhi na ndoo ya rangi. Nikawapigia kelele kutoka dirishani kwamba mlango huo umeshapakwa rangi, asanteni. Mmoja akanipungia mkono kwa heshima zote, kisha akaendelea kupaka.

Njia imebaki moja. Nyumba ikiingia kwenye orodha ya majengo ya kale ya mji, haivunjwi, na barabara itabidi ijikunje hapo. Kuna kamati na kuna fomu ya kurasa kumi na mbili, na mwisho wa kuipokea ni mwezi wa nne. Nimeisoma nikachoka kwenye ukurasa wa pili. Miaka arobaini nimepanga maneno ya wenzangu kwenye mashine ile ya kuchapia ya chini, kadi za harusi na matangazo ya misiba, lakini ya kwangu mwenyewe yananishinda. Wewe maneno unayo, tangu ukiwa mdogo hukuishiwa. Nimeiweka fomu humu ndani.

Nyumba hii aliijenga babu yako. Mama yako alifia humu. Ikiondoka, sijui nitakwambia urudi wapi.

Baba yako


24 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia kwamba u mzima. Mimi pia sijambo, kazi ni ile ile, mashuka ya hoteli hayaishi. Unamaliza kuyafua ya wageni wa jana, wa leo wameshayachafua.

Fomu nimeijaza siku zangu mbili za mapumziko, juu ya meza ya kupigia pasi. Nimeandika habari za babu, za mashine, na jinsi nusu ya mji huo ilivyooa na kuzikwa kwa karatasi zilizotoka chumba chako cha chini. Kilichonipa shida ni sehemu ya tano. Wanataka tutaje vitu vya ndani ambavyo vikibadilishwa au kuondolewa, historia ya jengo itapotea.

Nimeanza na ngazi. Vidato kumi na tisa vya mbao, vyembamba, visivyo na mahali pa kushika. Nimewaeleza habari ya kile cha kumi na moja, kinacholia mtu akikikanyaga, na jinsi mama alivyokuwa akikisikia akamimina chai, hata mgeni anapofika juu kikombe kinamngoja. Nilipofika hapo nililia kidogo, sikufichi. Kisha mashine. Nimesema imekaa pale pale tangu babu alipoiingiza kabla ukuta wa mbele haujajengwa, na kwamba inajaza chumba kizima, mtu anapita kwa ubavu. Mwisho nimeandika hivi: ngazi isiguswe, mashine isisogezwe.

Kuna cha kuongeza au kupunguza? Niambie kabla sijatia sahihi. Hilo ni swali, na jina langu unalijua.

Binti yako


18 Machi

Mwanangu,

Salamu kwa wingi. Mimi ni mzima, sina neno, sijui wewe. Uniwie radhi kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa mezani siku kadhaa tukitazamana.

Alikuja afisa wa kamati kuzikagua nyumba zenye alama kabla fomu hazijafika, dada mmoja mwembamba mwenye futi ya kukunja na daftari. Aligonga kuta akasikitika, kwa sababu babu yako alizipiga saruji. Akatazama paa akasikitika tena, kwa sababu mabati niliyaweka mimi. Madirisha hayakumpendeza. Nikamsikia huko chini akimuuliza fundi cherehani, "Sasa hapa cha kale ni kipi hasa?" Kisha akaniita nishuke tuzungumze. Nikamjibu kutoka juu, "Dada, mwenye nyumba hii hashuki, hupandiwa." Akacheka, akapanda. Kilipolia kile cha kumi na moja nikamimina chai. Akasimama mlangoni akikitazama kikombe, na nadhani hapo ndipo alipoipenda nyumba.

Kabla hajaondoka aliniambia ukweli. Ngazi na mashine ndivyo pekee vilivyobaki kama vilivyokuwa. Bila hivyo viwili, kamati haitalitazama ombi letu mara mbili.

Kwa hiyo usipunguze kitu. Ngazi iache, mashine iache. Tia sahihi.

Baba yako


22 Juni

Mwanangu,

Salamu. Mimi ni mzima. Tumeshinda.

Hati imefika jana ikiwa na mihuri mitatu. Jengo letu ni la kale kisheria, na mtu yeyote atakayelivunja atashtakiwa. Wameweka kibao cha chuma juu ya mlango. Nyumba ya muuza vioo imeshavunjwa, vumbi lake naliona kwenye chai yangu kila asubuhi. Yeye mwenyewe alipita kuniaga na mkokoteni wa vyombo. Hakunilaumu, lakini hakukaa.

Ukurasa wa pili wa hati una masharti. Ngazi isiguswe, mashine isisogezwe. Ni maneno yako yale yale, ila sasa yamepigwa mhuri. Umeandika vizuri, na huo ndio ukweli.

Nilidhani ningefurahi zaidi. Labda nimechoka tu, miezi hii ilikuwa mirefu.

Baba yako


10 Julai

Baba, Baba, Baba!

Shikamoo mara kumi. Barua yako niliisoma katikati ya mashine za kufulia nikapiga kigelegele, msimamizi akadhani mtu ameungua. Wenzangu wote sasa wanajua kwetu ni jengo la kale. Mmoja ameniuliza kama na mimi nimeorodheshwa.

Naomba kitu kimoja tu. Mwite mpiga picha. Usimame mlangoni, chini ya kile kibao, mkono mmoja ukishika fremu kama ulivyokuwa ukisimama kunisubiri nikitoka shule. Nataka kuibandika juu ya kitanda changu. Hapa ninapolala hakuna kitu ukutani cha kumwonyesha mtu kwamba nilitoka mahali.

Mwezi wa kumi na mbili nitaomba likizo. Wakinikubalia, nitakuja.

Binti yako


14 Agosti

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sina neno.

Picha ni hiyo. Mlango umetoka vizuri, na kibao kinasomeka. Mimi sikuingia kwa sababu jua lilikuwa kali na mpiga picha alikuwa na haraka zake. Ukitazama juu, pale dirishani, huo mkono unaoonekana ni wangu.

Likizo usiihangaikie. Kazi usiichezee.

Baba yako


2 Septemba

Baba,

Shikamoo. Hali yako sitaiuliza, kwa sababu jibu lako nalijua kabla hujaliandika.

Nilikaa na picha ile wiki nzima. Mtu aliyepigania mlango miezi mitano, halafu anapigwa picha ya mlango yeye akiwa dirishani! Nikampigia simu fundi cherehani, nikamuuliza baba yangu huwa anashuka saa ngapi. Akaanza kulia, na mimi nikakaa chini juu ya marobota ya mashuka.

Amenieleza yote. Kidonda cha kidole, kisukari, hospitali. Kwamba mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti tarehe kumi na moja Januari. Januari, Baba! Barua yako ya kwanza ni ya Februari, na ilianza na "mimi huku ni mzima". Kwamba ulipandishwa juu na watu wanne, umekaa kwenye kiti, na tangu siku hiyo hujaikanyaga barabara. Kwamba mwezi wa saba uliiomba kamati ikuruhusu kuweka mahali pa kushika kwenye ngazi, wakakataa. Ukaomba mashine itolewe upate pa kuweka kitanda chini, wakakataa tena, wakakuonyesha hati.

Hati hiyo niliiandika mimi. Nimekufungia mlango kwa mkono wangu mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Na wewe ulijua. Siku zile barua yangu ilipokaa mezani ulikuwa unajua, na bado ukaniambia tia sahihi. Kwa nini?

Unaniita Bi Maswali. Lile moja lililokuwa na maana sikuwahi kuliuliza sawasawa, maana ulikuwa unalijibu kwenye mstari wa kwanza wa kila barua.

Nina hasira na wewe, na nina hasira zaidi na mimi. Niandikie ukweli, hata kama ni mstari mmoja.

Binti yako


25 Septemba

Mwanangu,

Mimi si mzima.

Nimeukalia mstari huo asubuhi nzima. Mimi ndiye niliyekufundisha, ukiwa na miaka saba, kwamba barua huanza na uzima, kisha ndiyo yafuate mengine. Sikujua kwamba mtu anaweza kujificha humo miezi minane.

Mguu ulikatwa, ndiyo. Ule uliobaki umevimba. Natoka kitandani hadi dirishani kwa magongo mawili, na safari hiyo nikiimaliza napumzika kama niliyehama mji. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha kazi ukaja, na ungekuja kuniona nikiwa hivi. Niliona aibu. Ni jambo la kijinga mzee kumwonea aibu mtoto wake, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Umeuliza kwa nini nilikwambia utie sahihi. Ulimsikia yule afisa kwenye barua yangu. Bila ngazi na mashine tungekosa, nyumba ingevunjwa, na mimi ningebebwa kushushwa mara moja tu, moja kwa moja kwenye mkokoteni kama wa muuza vioo. Kupanda na kushuka kwangu kulikuwa kumeshaisha, hati iwepo isiwepo. Basi nikaona bora kibaki kitu. Nilitaka uwe na mahali pa kurudi, mwanangu. Ni hilo tu, sikuwa na hekima nyingine.

Na usijilaumu. Sehemu ya tano iliuliza vitu, na mimi si kitu.

Lakini nimechoka. Nilidhani mtu anaweza kukaa ndani ya nyumba aliyoiokoa akaridhika. Nakaa dirishani natazama watu wakisimama kusoma kibao. Wanasoma, wanatazama juu, wananiona, wanaondoka. Wiki iliyopita mmoja alimuuliza fundi cherehani kama na mimi ni sehemu ya maonyesho. Alimfukuza na mkasi wa kukatia nguo.

Kwa hiyo nimeamua kuhama. Shangazi yako ana chumba, na nyumba yake yote iko chini, haina hata kizingiti. Jumamosi ya tarehe tisa Novemba watakuja watu wanne wanishushe na kiti: mume wa fundi cherehani, seremala, na wale mafundi viatu wawili. Kila mmoja na kona yake. Ufunguo nitauacha kwa fundi cherehani, na jina lako nimelifunga kwenye kamba yake. Nyumba ipo. Itakuwepo hata sote tukichoka.

Sasa na wewe niandikie. Barua zako nazo zinaanza vizuri mno.

Baba yako


14 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo.

Mimi si mzima. Mikono imepasuka kwa dawa ya kufulia, usiku siifungi ngumi. Nina kikohozi cha mvuke tangu mwaka jana. Chumba ninacholala tuko wanne, na picha ya mlango wetu iko juu ya kitanda changu, wenzangu wanaufahamu mkono wako. Nimechoka, Baba, na nimekuwa nikikuandikia kwamba sijambo kwa sababu wewe ulikuwa mzima, na nilidhani katika familia hii mchovu ni mimi peke yangu.

Likizo ya mwezi wa kumi na mbili wamenikatalia. Kwa hiyo sikuomba tena, nimewaaga. Usinigombeze kwenye barua, haitanikuta. Nafika tarehe saba Novemba.

Hati haisemi mashine isisogezwe kwa sababu ya mtu mwingine. Inasema hivyo kwa sababu yangu, na nitakwenda kwenye kamati kuwaambia. Wakikubali, tutaona. Wakikataa, utakwenda kwa shangazi kama ulivyopanga na mimi nitakusindikiza. Lakini umesema watu wanne. Mwambie mmoja wa wale mafundi viatu akae kazini siku hiyo. Kona ya mbele, upande wa kushoto, ni yangu. Nimebeba mashuka mabichi miaka sita, na wewe huwezi kuwa mzito kuliko hayo.

Usikae dirishani kunitazamia, utajichosha bure. Utanisikia ngazini. Kikilia kile cha kumi na moja, mimina chai.

Binti yako