Waambie Waache Kubonyeza

Noonkopir,
Kitengela.
Jumanne, 11 Machi 2025

Mpendwa mjukuu wangu Wacuka,

Pokea salamu kutoka nyumbani, wewe uliyepewa jina la cucu yako, mke wangu, na kwa sababu hiyo ukawa bibi yangu mdogo tangu siku uliyobatizwa. U mzima? Mgongo uliokuwa ukikusumbua kwa kuinua wagonjwa umepoa? Najua huko Maskati ni mwezi wa Ramadhani, na kwamba mchana unakunywa maji yako kwa kujificha nyuma ya kabati la dawa. Kunywa, mama. Joto la huko hata Mungu analijua.

Sisi tuko salama. Goti la cucu yako linalia kila upepo unapovuma, na siku hizi upepo hauishi kuvuma. Mawingu yanajikusanya upande wa Ngong kila alasiri, tunatoa mitungi nje, kisha yanatawanyika kama watu walioitwa mkutano wakakosa mwenyekiti. Ng'ombe wetu amezaa ndama jike. Nilikuwa afisa wa mifugo wa Kajiado hadi nikastaafu, nimezalisha ng'ombe wa watu nisioweza kuwahesabu, lakini huyu wangu alinitembeza zizini hadi nikasahau kofia mvunguni mwa hori.

Barua hii utaipata mkononi mwa Kavutha, binti wa jirani yetu Maundu. Anasafiri kesho kuja huko huko Maskati, kufanya kazi ya uhudumu hospitalini. Ndiyo maana ninaandika kwa haraka, nami unajua si mtu wa haraka. Jumapili nilikutumia ujumbe wa simu, ukanijibu kwa kile kiuso cha manjano kinachocheka hadi machozi, ukaongeza: "Guka, wacha watu wanisaidie." Jambo hili halitoshi ndani ya ujumbe, Wacuka. Linataka karatasi.

Umetuambia kwamba mwisho wa mwezi huu hutatia sahihi mkataba mpya. Umesema utarudi nyumbani uishi kwa blogu yako, kwa kuwa matangazo yameanza kulipa. Tangu hapo nimekunywa chai nyingi iliyopoa.

Kwanza nataka uelewe kwamba sipingi uandishi. Aliyekufundisha kusoma kabla ya kwenda shule ni nani? Ninachoogopa ni njia, kwa sababu nimeiona ikimalizikia hapa nyumbani kwetu, kwa kaka yako Melvin. Wewe ulikuwa katika mitihani yako ya uuguzi, na yeye hakutaka ujue. Sasa ameniruhusu nikueleze.

Melvin alianza blogu ya kilimo cha mboga. Alikuwa karani wa ghala, na mara tu senti za kwanza za matangazo zilipoonekana kwenye simu yake, zikiwa bado hazijafika kiwango cha kutolewa, akaacha kazi. Hilo lilikuwa kosa lake la kwanza, na ndilo lililozaa mengine. Mtu mwenye mshahara anaweza kungoja makala ikue. Asiye na mshahara anaamka asubuhi akiitikisa kama mti wa mapera.

Kwa kuwa alihitaji makala kila siku, alianza kunakili za wageni na kuzipitisha kwenye mashine ya kutafsiri. Siku moja nikasoma kwake kwamba nyanya zipandwe baada ya theluji kuyeyuka. Nikatoka nje, nikautazama udongo wetu mweusi ulivyopasuka hadi mtu anaweza kutumbukiza mguu, nikamwita. "Melvin, theluji ya Kitengela inayeyuka mwezi gani?" Akacheka. Lakini mama mmoja wa Kiserian hakucheka. Alifuata maelezo yake ya mbolea, miche yote ikaungua, na akamwandikia maneno ambayo siwezi kuyaweka kwenye barua inayopita mikononi mwa binti wa watu.

Hata hivyo, si theluji iliyomwua. Aliuawa na upendo.

Ngoja kidogo, kuna mtu anabisha langoni.

Nimerudi. Alikuwa mtu wa kuuza nyasi. Nilidhani ni shangazi yako Waithera, maana nimemwita tangu asubuhi na hajaja. Nitaendelea, ila ukiona mwandiko unakimbia ujue ninasikiliza lango.

Unajua ukoo wetu. Mtoto akienda chuo, tunaitana tunachanga. Mtu akilazwa, tunachanga. Kwa hiyo Melvin alipoeleza kwamba kampuni ya matangazo humlipa mwenye blogu kila mtu anapobonyeza tangazo, sisi tulifanya tunachojua. Waithera akaliweka jambo hilo kwenye kikundi cha familia cha wasapu: kila mmoja, baada ya sala ya asubuhi, aingie kwa Melvin abonyeze matangazo yote. Wajomba walibonyeza. Watoto walibonyeza wakiwa wamevaa sare za shule. Pesa zikapanda kwenye simu ya Melvin na sote tukafurahi, mimi pia. Kisha kampuni ikaifunga akaunti yake, ikachukua kila kilichokuwa ndani, na ikakataa kumfungulia nyingine kwa jina lake. Barua yao ilikuwa fupi. Ilisema mibonyezo haikuwa ya kweli.

Jumapili iliyopita, tukiwa bado tumesimama nje ya kanisa, Waithera akasoma linki yako kwa sauti. "Wacuka wetu anarudi nyumbani! Kila mtu atoe simu."

Sasa unaelewa kwa nini sikai mahali pamoja?

Nimeshindwa kungoja. Nimeiacha barua mezani, nimezigandamiza karatasi kwa kopo la chumvi zisipeperuke, na nimekwenda mwenyewe hadi agroveti yake, lile duka la dawa za mifugo, nami ndio nimerudi sasa. Nimemkuta akimhudumia mzee mmoja aliyekuja kununua dawa ya kupe. Kabla hajampa chupa, alimshikisha simu.

"Mzee, bonyeza hapa kwanza. Ni ya mtoto wetu."

"Nikibonyeza, bei inashuka?"

"Bei haishuki. Unapata baraka."

"Basi mimi nitabonyeza hiyo ya baraka nikifika nyumbani," mzee akasema, akachukua chupa yake akaenda.

Nilimwambia Waithera aache. Akanitazama kama mtu aliyekatazwa kumlisha mtoto.

"Baba, kwani kusaidia mtoto wa ndugu yangu imekuwa dhambi? Bando ni yangu, kidole ni changu."

"Melvin ulimsaidia hivyo hivyo."

"Melvin ilikuwa bahati mbaya. Hao watu wako ng'ambo, watajuaje nani amebonyeza?"

Hapo nikamkumbusha mnada wa mifugo wa Kajiado, ambako aliwahi kunisindikiza akiwa msichana. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa akija na fahali wake, na binamu zake wakimfuata wametawanyika katika umati. Binamu huyu anataja bei, yule anaongeza, wa tatu anapiga kelele kwamba fahali wa namna hiyo hajaonekana. Siku ya kwanza wanunuzi walisogea karibu. Mnada uliofuata walitazama viatu vya wale binamu, wakaona vyote vina vumbi la njia moja, wakageuka wakaenda zao. Fahali alikuwa mzuri kabisa, Wacuka. Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa tena, na yule bwana alikuwa akimrudisha nyumbani kwa miguu.

"Kampuni nayo inatazama viatu," nikamwambia. "Inaona simu zote ziko Kitengela, zinaamka pamoja, zinabonyeza kila kitu, na hakuna hata moja inayonunua. Mwenye tangazo analipia wateja, anapelekewa shangazi."

Akapanga chupa ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Sasa tumsaidie aje?"

"Soma anachoandika. Ukimjua mtu anayekihitaji, mtumie."

"Nisome yote? Baba, ni refu hiyo!"

Wacuka, hajasoma hata mstari mmoja. Niliuliza kwenye kikundi nikiwa papo hapo dukani, na hakuna aliyesoma. Ukoo mzima unabonyeza mlango, hakuna anayeingia nyumbani.

Mwishowe ameniambia hivi: "Mwenyewe akisema tuache, nitaacha. Lakini aseme yeye." Unamjua shangazi yako. Kwa hiyo neno lazima litoke kwako, na litoke siku ile ile utakapoisoma barua hii, kabla hujavua viatu. Kila asubuhi wanapomaliza kusali wanakubomolea.

Nikiwa bado na kalamu, niruhusu niseme jingine, maana mimi nimesoma. Nimeisoma blogu yako tangu makala ya kwanza, kwa miwani na kwa uvumilivu.

Ulianza vizuri. Kisha mtu akakuambia habari za kupunguza tumbo na za wachezaji wa mpira ndizo zenye wasomaji wengi, ukaziendea. Siku hizi leo ni tumbo, kesho ni ndoa ya mchezaji, keshokutwa ni namna ya kutajirika, nawe hujatajirika. Anayekufuata hajui anafuata nini. Tena matangazo ni mengi hata maneno yako yanachungulia katikati yake kama mbuzi kwenye ua wa miiba. Cucu yako alijaribu kusoma, tangazo likafunika ukurasa, akaniuliza umehamia wapi.

Halafu kuna ile chai ya kupunguza mwili unayoisifu. Najua wanakupa kitu kila kikasha kinaponunuliwa. Wewe ni muuguzi. Je, ungempa mgonjwa wako wa figo chai hiyo? Kama ungempa, nisamehe. Kama hungempa, iondoe. Mtu anaweza kukosa pesa akazipata tena. Nimeona madaktari wa mifugo wenye vyeti vikubwa wakikaa bila kazi kwa sababu waliuza dawa moja mbovu, na wafugaji hawakusahau.

Na jina lako umelificha. Umejiita Nesi wa Mbali. Nesi yupi? Wa mbali wapi? Neno la mtu asiye na jina ni nani atalishikilia?

Melvin ameingia sasa hivi, amesoma juu ya bega langu bila haya. Siku hizi anachimba misingi ya nyumba na fundi mmoja wa hapa Noonkopir, na jioni anaandika kuhusu jambo alilolishika kwa mikono yake: udongo mweusi unavyovimba mvua ikinyesha na kupasua kuta za watu walionunua ploti bila kuuliza. Hana tangazo hata moja. Lakini watu wanampigia simu kutoka Nkoroi na kwingineko aje awatazamie ploti kabla ya kujenga, na kwa hilo wanamlipa. Nimemwuliza kama ana neno kwako. Amesema, "Mwambie atie sahihi. Kuandika hakumkatazi mtu kula." Kisha akaninyang'anya chai.

Nami nasema kama yeye. Tia sahihi mkataba huo, uandike ukiwa kazini, uandike ukiwa umeshiba. Siku blogu itakapokulisha miezi mfululizo bila kidole cha ndugu, nitakuja mwenyewe uwanja wa ndege kukupokea na nitavaa ile suti ya arusi yangu.

Najua utauliza: Guka, nikiacha tumbo na mpira, ni nani atanisoma?

Kuna makala uliyoiandika mwaka jana, kabla hujaanza kukimbiakimbia. Uliandika maswali ambayo msichana anapaswa kumwuliza wakala wa kazi za ng'ambo kabla ya kusafiri: mkataba nitakaotia sahihi hapa ndio huo huo nitakaoukuta kule? Pasipoti yangu itashikwa na nani? Siku yangu ya kupumzika ni ipi, na imeandikwa wapi? Makala hiyo haikupata wabonyezaji, na hujawahi kuandika nyingine kama hiyo.

Jana jioni Kavutha alikuja kuaga. Cucu yako akamwuliza kama haogopi. Akasema aliogopa mara moja tu, kwa wakala wa kwanza, Nairobi. Alimwuliza maswali aliyokuwa ameyasoma kwenye simu, na wakala akapandisha sauti: "Ni nani amekufundisha mambo haya?" Kavutha akachukua mkoba wake akatoka. Wasichana wawili waliobaki kwenye benchi la wakala huyo walisafiri, na hadi leo mmoja wao mama yake hampati kwa simu. Kavutha alitafuta wakala mwingine, aliyejibu kila swali na kumwonyesha pale lilipoandikwa.

Nikamwuliza aliyeyaandika maswali hayo ni nani. Akasema hajui, ni mtu mmoja anajiita Nesi wa Mbali. Amerudi mara nyingi kutafuta mengine, akakuta chai.

Sikumwambia. Nimeona niiache kazi hiyo kwako. Msichana aliyesimama mbele yako, aliyekukabidhi bahasha hii, hana undugu nasi na hajawahi kukubonyezea kitu. Huyo ndiye msomaji wako. Mkaribishe, umpe maji, umwambie jina lako. Kisha umwulize anataka kujua nini tena, na uandike hilo.

Cucu yako anamsalimu mwenzake wa jina na amefunga majani ya chai na unga wa wimbi kwenye mfuko wa Kavutha. Waithera anakusalimu huku akinuna. Melvin anakusalimu akiwa na matope hadi magotini. Ndama hana jina bado. Tunangoja ulitoe wewe.

Mungu akulinde katika zamu zako, aiongoze mikono yako juu ya wagonjwa, na mkono ule utakaotia sahihi mkataba.

Wako akupendaye, asiyebonyeza ila anayesoma,

Guka Githongo