Tente ya Mabaka

Jumanne, mangaribi

Mpaka saa hii kasirani haijaniisha. Tente ya kulalia mu pori nilijichagulia mimi mwenyewe, hakuna mutu alinisukuma. Iko nyepesi, inaingia yote mu sakado ya mugongoni, na muuzaji aliapa eti mvua ya pori haiipiti. Mimi niliwaza tu mugongo wangu, siku tatu za kutembea na miguu kule Shabunda.

Leo nikaionesha Tonton Bahati, mwenye kunipeleka kuwinda. Hata hakuigusa.

"Hii mabaka ni ya maaskari. Unataka watupige masasi mbele ya kutuuliza jina?"

Mujinga mimi! Nimezaliwa hapa hapa Bukavu, nimekomalea hapa, vita ya mu pori ninaijua, na sikuwaza ile. Niliangalia uzito, sikuangalia rangi.

Nikairudisha mbio sokoni. Muuzaji akakataa, tena anacheka.

"Papa, nimeuzisha wawindaji wengi tente kama hii. Hakuna hata mumoja alirudi kulalamika."

Nikamuuliza: kuko hata mumoja alirudi, hata kwa kukusalimia tu?

Akaacha kucheka.